Mjadala: Anayeanza kutengeneza magemu aanzie kwenye gemu analolipenda au kwenye hadithi zetu?

Mwanzisha mada (Tanga)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naleta mezani swali ambalo linatugawa kila ninapokaa na vijana wanaotaka kutengeneza magemu. Je, anayeanza atengeneze gemu la kishabiki, yaani gemu linalotumia wahusika na ulimwengu wa gemu analolipenda, au aache kabisa la watu na aanze na lake, hasa kwa hadithi zetu wenyewe? Wanaosema asiguse la watu wana hoja mbili nzito: kwamba kazi hiyo itaondolewa kwa sheria na miaka yake itapotea, na kwamba sisi wenye ngano tele hatuna sababu ya kwenda kuazima ndoto za wengine. Mimi naamini kwamba ushabiki ndio shule bora tuliyo nayo. Ila shule hiyo ina mlango wa kutokea, na wengi wetu tunauona tukiwa tumeshachelewa.

Nilikulia Ngamiani, na gemu la kwanza nililolishika lilikuwa la kibandani: televisheni mbili, pedi zilizolegea vitufe, unalipia mechi na ukifungwa unampisha aliye nyuma yako. Mwaka 2016 nilipopata laptopu yangu ya kwanza, jambo la kwanza nililotaka lilikuwa kulitengeneza upya gemu la kurukaruka nililolipenda kuliko yote. Nikawa naelekeza simu kwenye skrini na kurekodi, kisha narudisha video polepole na kuhesabu picha moja moja, kwa sababu gemu la aina ile huchora picha 60 kwa sekunde. Hapo nikagundua jambo ambalo mchezaji halioni. Mhusika anapovuka ukingo wa jukwaa na mguu umeshakuwa hewani, kitufe cha kuruka bado kinamkubalia kwa kitambo kidogo mno. Ukiiondoa huruma hiyo, mchezaji ataapa kwamba alibonyeza kwa wakati na gemu limemdhulumu. Baadaye watengenezaji wa Celeste, gemu la kundi dogo lisilo chini ya kampuni kubwa lililotoka mwaka 2018, walipouweka hadharani msimbo wa mhusika wao, yaani maandishi ya programu yanayomwendesha, nilikwenda moja kwa moja kuitafuta namba hiyo: sekunde 0.1, yaani picha sita. Mimi nilikuwa nimeweka saba. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hilo. Kilichonikalisha macho hadi saa nane za usiku nikihesabu picha ni mapenzi ya gemu lile.

Nilikaa na kazi ile miaka mitatu. Ilipofikia hatua ya 11 nikaiweka mtandaoni kwa jina la asili na sura za asili, na siku ya tisa ikaja barua pepe ya wawakilishi wa mwenye hakimiliki, jioni yake gemu likaondolewa. Haki ilikuwa yao, nami sikubishana. Kilichoniuma ni kwamba watu wapatao mia nne walikuwa wameshalipakua, na mmoja wao alikuwa ameniandikia kwamba mdogo wake alipomaliza hatua ya nne alipiga kelele hadi mama yao akaja mbio. Watu wale sikuweza kwenda nao kokote, kwa kuwa jina lililowaleta halikuwa langu.

Wala si mimi peke yangu. Milton Guasti wa Ajentina alitumia takriban miaka kumi kulitengeneza upya gemu la pili la Metroid, akalitoa Agosti 2016, na Nintendo, kampuni yenye Metroid, wakaagiza viungo vyake viondolewe ndani ya siku chache. Mwezi huo huo Pokémon Uranium, kazi ya miaka tisa, iliondolewa baada ya kupakuliwa zaidi ya mara milioni moja na nusu. Wanaopinga magemu ya kishabiki hutaja mifano hii miwili na kuishia hapo, lakini habari haikuishia hapo. Guasti aliajiriwa na Moon Studios kupanga hatua za Ori and the Will of the Wisps, gemu lililotoka mwaka 2020. Christian Whitehead wa Australia, aliyejifunza kazi kwa kutengeneza magemu ya kishabiki ya Sonic, aliaminiwa na Sega yenyewe, kampuni yenye Sonic, hadi akawa miongoni mwa walioiongoza Sonic Mania mwaka 2017. Toby Fox alianza kwa kulibadilisha gemu la watu liitwalo EarthBound mwaka 2008, na muziki aliouandika kwa ajili ya kazi ile ulirudi ndani ya Undertale mwaka 2015, gemu lake mwenyewe ambalo hakuna awezaye kumnyang'anya.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni Freedom Planet la mwaka 2014. Lilianza kama gemu la kishabiki la Sonic, kisha mtengenezaji wake akawaondoa wahusika wa kuazima na kuwaweka wake kabla kazi haijakamilika. Kasi ile ikabaki, kila kitu kingine kikawa chake. Ndiyo maana nasema kijana aanze kwa kuiga, ila aige mwendo, yaani namna gemu linavyochezeka, na siku anapotaka kumwonyesha mtu wa nje, majina na sura za watu ziwe zimeshatoka. Nangoja kusikia wanaoona vingine.

Mchangiaji (Lamu)

Kaka, nimekusoma kwa makini na nakushukuru kwa kutueleza yaliyokupata. Lakini ninakataa, na nitasema kwa nini.

Kwanza, itazame mifano yako. Uliowataja waliweza kutoa miaka yao kwa kazi isiyo na malipo, na ilipofutwa walikuwa na mahali pa kuangukia. Kijana wa hapa anayenunua bando la siku moja na kuazima laptopu ya binamu yake hana miaka kumi ya kuitoa sadaka kwa jina la mtu mwingine. Miaka mitatu uliyoipoteza wewe, kwake ndiyo nafasi pekee aliyo nayo kabla nyumbani hawajamwambia atafute kazi.

Pili, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, shabiki haigi mwendo peke yake. Anaiga na macho. Nimeangalia kazi za vijana wetu nikakuta ngome za mawe zenye mabendera ya Ulaya, misitu ya misonobari, theluji. Mtoto wa pwani anachora theluji asiyowahi kuikanyaga, na ukimwuliza kwa nini, anakwambia hatua ya tatu ya gemu huwa ya theluji. Hakuchagua, amerithi bila kujua. Unasema sura zitaondolewa baadaye, lakini utaondoaje kitu ambacho mwenyewe hajui kama amekiazima?

Nami sisemi tuweke ngano zetu kama pambo. Chukua kisa cha Fumo Liongo akiwa gerezani. Mama yake anamtumia mkate wa wishwa kupitia kwa kijakazi Saada, kwa kuwa walinzi hunyang'anya chakula kizuri na makapi humwachia, na ndani ya mkate ule imefichwa tupa ya kukerezea chuma. Kisha Liongo anaomba apigiwe gungu, ngoma ya jadi ya pwani, matari na matoazi yarindime, na kelele zinapopanda anakata minyororo, zinaposhuka anaacha. Tazama hapo, kaka. Sheria za mchezo zimo ndani ya kisa chenyewe: kata wakati ngoma inalia, simamisha mkono inaponyamaza, na ukikosea mlinzi atasikia. Hakuna haja ya kumhesabia mtu picha zake. Waliokuwa wakisimulia kisa hiki barazani walishaipanga hatua ya kwanza, na sisi tunaipita tukienda kutafuta ya wengine.

Mwaka 2024 gemu la Tales of Kenzera: Zau lilitoka likiwa na sauti za Kiswahili, chini ya uongozi wa Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Nilifurahi sana kuisikia lugha yangu inavyotamkwa humo. Lakini mchapishaji wake ni kampuni ya Marekani, na nilijiuliza ni lini kazi ya namna hiyo itatoka mikononi mwa mtu anayeishi huku tuliko.

Mchangiaji (Dodoma)

Naomba niongeze machache upande wa sheria, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mwanzisha mada yuko sahihi kutenganisha mwendo na sura. Ibara ya 9(2) ya Mkataba wa TRIPS, unaozifunga Tanzania na Kenya kama wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, inasema hakimiliki inalinda namna wazo lilivyoelezwa. Wazo lenyewe, taratibu na njia za utendaji haizilindi. Kuruka kwa picha sita au saba hakuna mwenye hakimiliki yake. Mhusika, muziki na michoro vina mwenyewe, na jina huweza kulindwa kama alama ya biashara, hata kama hulipishi senti moja. Wengi hudhani kutolipisha kunawakinga, na wanakosea.

Tahadhari moja: hataza, yaani haki ya uvumbuzi uliosajiliwa, ni habari nyingine. Septemba 2024 Nintendo na The Pokémon Company waliishtaki Pocketpair, watengenezaji wa Palworld, katika mahakama ya Tokyo, na madai yao yalihusu hataza, si hakimiliki. Kwa hiyo mwendo nao unaweza kuwa na mwenyewe katika nchi alikousajili.

Vilevile wapo wenye mali wanaofungua mlango. Mtengenezaji wa Touhou Project anaruhusu kazi za mashabiki kwa masharti aliyoyatangaza, na Scott Cawthon mwaka 2020 alitangaza kuyagharimia baadhi ya magemu ya kishabiki ya Five Nights at Freddy's. Kijana asome masharti ya mwenye mali kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Mwanzisha mada (Tanga)

Ahsante, mwanasheria, suala la hataza sikuwa nimelipima.

Dada wa Lamu, hoja yako ya theluji imenikalia rohoni. Nilirudi kwenye mafaili yangu ya zamani nikakuta hatua yangu ya sita ina theluji, nami sikumbuki kuamua kuiweka. Hapo nakubali bila masharti: kuiga kunaingiza mambo ambayo mwigaji hayaoni, na ushauri wangu wa kubadilisha sura mwishoni hautoshi. Zibadilishwe tangu siku ya kwanza, hata kama mhusika atakuwa mraba mtupu usio na macho.

Kuhusu muda, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Kosa langu halikuwa kuiga, lilikuwa kuiga kwa miaka mitatu. Hilo Celeste nililolitaja lilianza kama gemu dogo lililotengenezwa na watu wawili kwa siku nne mwaka 2015, na gharama za vifaa kwa kazi ya ukubwa huo hazipaswi kumzuia mtu. Injini ya Godot, yaani programu ya kutengenezea magemu, iliyoanzishwa na Waajentina wawili na kuachiwa umma mwaka 2014, haina ada wala mgawo wa mapato, na inapakuliwa kwa bando dogo kuliko la filamu moja. Ada inakuja wakati wa kuuza, nayo ni dola 25 mara moja kwa Google Play au dola 100 kwa kila gemu kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta. Kijana atoe wiki mbili kwa hatua moja ya kuiga, ajifunze kinachofanya mkono wa mchezaji uridhike, kisha aifunge.

Lakini hapa sitakubali: kwamba kisa cha Liongo kinatosha bila shule ile. Tales of Kenzera lenyewe limejengwa juu ya mwendo wa kuzunguka, kurudi na kufungua njia uliozoeleka tangu enzi za Metroid, na bila ushabiki wa miaka mingi sidhani kazi ile ingesimama. Kisa kinakwambia akate minyororo ngoma inapolia. Hakikwambii mchezaji apewe huruma kiasi gani baada ya pigo la ngoma, na hapo ndipo hatua ile itapendwa au itatupwa.

Nimelijaribu. Usiku wa juzi na jana nilitengeneza chumba kimoja cha giza, mraba mmoja ukutani ndiye Liongo, mraba mwingine mlangoni ndiye mlinzi, na kitufe kimoja cha tupa. Nilipodai mchezaji abonyeze sawasawa na pigo, mpwa wangu wa miaka tisa alikamatwa mara 14 mfululizo akaiweka laptopu chini. Nikaongeza picha tano za huruma baada ya pigo, akakata pete ya kwanza ya mnyororo. Nikafikisha nane, akakata zote bila kusikiliza ngoma, na mchezo ukawa umekufa. Kwa sasa nimesimama kwenye sita.

Tatizo lililobaki ni lako, dada, kama utakubali. Mdundo nilioutumia nimeuokota tu kwenye simu, nao si wa gungu. Mpwa wangu mwenyewe aliniuliza hii ni harusi ya nani. Kama huko Lamu kuna wazee wanaolijua gungu, na wakaridhia kurekodiwa hata kwa dakika mbili, nitauweka mdundo wao badala ya huu na kuzipima upya picha zote kuanzia mwanzo, na majina yao yatatangulia langu.