Ushauri: Sanaa za ufundi, uzalishaji wa sauti au usanifu majengo, nichukue ipi?

Chata_la_Chanika (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, matusi yasubiri kidogo.

Nimemaliza kidato cha nne. Nina B ya Kiswahili, C ya Hesabu, C ya Sanaa, D ya Fizikia na vi-D vingine viwili. Nimechaguliwa chuo kimoja, sitakitaja, kusomea ufundi sanifu majengo ngazi ya 4. Lakini mimi roho yangu iko kwenye kurekodi na kuchanganya sauti. Na tangu shule ya msingi nachora, watu mtaani wananiagiza picha zao za harusi kwa penseli.

Kati ya hizo tatu, ipi ina soko? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa. Silali.

Pwagu_Original
Nimekaa paleee, karanga ninazo. Waje wajuzi.

FundiSanifu_Mstaafu
Mdogo wangu, Hesabu na Fizikia yako ndivyo vimekubeba mpaka ukachaguliwa. Ngazi ya 4 mwaka mmoja, ya 5 mwaka mmoja, ya 6 mwaka mmoja, unatoka na diploma. Ukitoka hapo wewe ni fundi sanifu, siyo msanifu. Muhuri kwenye michoro ya ghorofa ni wa yule aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Ila ofisi ya msanifu haiendi bila mtu wa kukaa na mikato, ngazi na jedwali la milango na madirisha mpaka usiku wa manane. Nimesomesha watoto kwa kazi hiyo.

Taabu ni wateja. Mtu anakutumia WhatsApp picha ya jumba la Marekani lenye gereji ya magari matatu, "nataka hii hii", kiwanja chenyewe futi 40 kwa 60. Kuna mmoja nilimchorea nyumba ya ghorofa, fundi wake akasogeza ngazi ili kipatikane chumba cha duka. Leo ukishuka pale sharti uiname, boriti iko usawa wa paji la uso. Anatembea mtaa mzima anasema ramani ilikuwa mbovu. Ramani ninayo mpaka leo. Kutoka kwenye kidato cha ngazi mpaka chini ya boriti nimeandika mita 2.1, kwa kalamu ya wino.

Binti_Bagamoyo
Mzee kaulizwa soko, kajibu boriti 😂

Mdogo wangu, kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Ilianza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Watu wakisikia Bagamoyo wanawaza ngoma na sarakasi, kumbe kuna sanaa za ufundi, na siku hizi hata uzalishaji wa muziki na filamu. Mimi sanaa za ufundi ndizo zinazonilisha: mabango, kuta za shule za chekechea (twiga na herufi, twiga na herufi), na msimu wa watalii nauza turubai. Tajiri sijawa, ila kodi ya nyumba silipiwi na mtu.

Kalamu_Nyekundu
Chuo cha nini? Edward Saidi Tingatinga hakukaa darasa la sanaa. Ubao na rangi za baiskeli, pale Oysterbay. Amefariki 1972 na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

Binti_Bagamoyo
Na alipokuwa hai aliuza kwa bei gani? Hapo huwa hamfiki.

Kalamu_Nyekundu
Dada, mimi nazungumzia kipaji, wewe unazungumzia bei.

Asha_wa_Mbezi
Naomba nirudi kwa mleta mada. Chuo umechaguliwa, kozi unaijua. Ijumaa kuna nini? Na ada analipa nani?

Chata_la_Chanika
Ada ipo dada Asha. Tusitoke nje ya mada.

Asha_wa_Mbezi
Ipo mkononi mwako, au ilikuwepo?

Chata_la_Chanika
Haya. Ada kanitumia dada yangu, yupo Muscat, anafanya kazi za ndani. Ana kiwanja huku Chanika. Anataka nisome majengo ili nimchoree nyumba na nimsimamie mafundi, maana alishawahi kutuma pesa ya tofali ikaishia kwa watu. Ijumaa anataka nimtumie picha ya risiti ya chuo.

Sasa hiyo pesa nimelipia fremu, kodi ya miezi sita, na nimechukua maiki, kadi ya sauti na spika mbili za mtumba. Sijala wala sijanywa, ule ni mtaji. Studio ikianza kuingiza, ada nitalipa mwenyewe, dada hataona tofauti. Ningemwambia, ila akimaliza kazi ananipigia usiku, huku saa tano, kwao saa nne, amechoka hata sauti haitoki. Namwonea huruma.

Swali langu liko palepale. Ipi ina soko?

Mtumishi_Kibaha
Pesa ya mtu anayepiga deki nyumba za watu ugenini, halafu unaiita mtaji! Vijana, hofu ya Mungu mmeipeleka wapi? Sisi tulisoma kwa kuuza ndizi stendi na hatukumdanganya mtu.

Pwagu_Original
Mtumishi, ndizi zilikuwa za nani?

Sauti_ya_Gizani
Mimi sihukumu, kila mtu ana dada yake. Nina swali la kitaalamu: hiyo fremu ina paa gani?

Chata_la_Chanika
Bati. Ila ukutani nimeshabandika tre za mayai, kuta zote nne.

Sauti_ya_Gizani
Zibandue. Tre ya mayai haizuii sauti. Inapunguza kidogo zile kali zinazorudi ndani ya chumba, besi inapita kama haijaiona. Kuzuia sauti kunataka uzito na kuziba hewa: tofali, mlango mzito wenye mpira kwenye miimo, na ukitaka raha ukuta wa pili usiogusana na wa kwanza. Dari nayo hivyohivyo. Na masika ikifika utakuwa unarekodi bati. Mwimbaji atakaa na vichwasauti shingoni anasubiri mvua ikatike, na amelipia saa.

Hayo niliyokuandikia hapo juu, uzito wa ukuta, dari, mianya ya hewa, ndiyo yanayofundishwa kwenye hiyo kozi ya majengo unayoikimbia.

Chata_la_Chanika
Mvua hainyeshi kila siku mkuu.

Saa_Mbovu
Subirini kwanza. Huyu anasema kwetu ikiwa saa tano usiku, Muscat ni saa nne. Muscat wako MBELE yetu kwa saa moja. Huku saa tano, kule saa sita. Mtu anayepigiwa na dada yake kila usiku hawezi kukosea hapo. Hii ni chai wakuu. Mmekunywa vikombe viwili.

Pwagu_Original
Ya rangi au ya maziwa?

Kalamu_Nyekundu
Nilihisi mapema. Kesho utasikia "wakuu studio imefunguliwa, karibuni Chanika, bei ya uzinduzi". Tangazo limevaa kanzu ya ushauri.

Chata_la_Chanika
Nilichanganya saa, naandika kwa simu huku nina mawazo. Anayeona ni chai asinywe. Picha ya maiki hiyo hapo chini.

Saa_Mbovu
Picha ina bei ya duka pembeni.

Chata_la_Chanika
Si ndiko nilikonunua?

Mama_wa_Mutrah
Wanangu, mimi niko Muscat mwaka wa ngapi sijui. Ni kweli tuko mbele kwa saa moja. Lakini wangu mwenyewe yuko Tanga na bado hunipigia alfajiri akidhani kumekucha, kwa hiyo saa haithibitishi kitu.

Iwe chai, iwe kweli, akina dada wa namna hiyo huku tumejaa. Mimi nilikuwa natuma pesa ya msingi kwa kaka yangu. Akanitumia picha: mtaro umechimbwa, mawe yamepangwa, nondo zimesimama. Nikawaonyesha wenzangu jikoni, nikanunua na soda. Siku naitazama tena kwa kukuza naona mwembe pembeni. Kiwanja changu hakina mwembe. Ulikuwa msingi wa jirani. Mpaka leo nyumba ya jirani imeisha na ina vigae, yangu ni mihogo.

Asha_wa_Mbezi
Pole sana mama.

Kalamu_Nyekundu
Pole mama. Ila huyo kaka aliwahi kusomea majengo?

Mama_wa_Mutrah
Alisomea kupiga picha 😂 Nacheka sasa, zamani nililia.

FundiSanifu_Mstaafu
Chai au siyo chai, kuna vijana wanasoma hapa kimyakimya na hili ni lao. Nenda ofisi ya uhasibu ya chuo kabla usajili haujafungwa, uliza kama ada inalipwa kwa awamu. Vyuo vingi vinakubali. Pili, tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inatoa mikopo ya diploma pia, lakini kwa fani za kipaumbele tu, kwa hiyo soma orodha kama kozi yako imo kabla hujaanza kuota. Tatu, mwenye fremu umwombe akurudishie kodi ambayo hujaitumia. Atakataa, lakini muombe.

Na anayedhani kwenye majengo hamna sanaa aende Kariakoo atazame paa la soko alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Miavuli ya zege iliyopinduliwa, inakinga maji ya mvua. Moto wa 2021 umelipitia na bado watu wanalizungumzia.

Mtumishi_Kibaha
Fundi, kwani kwa nini soko liliungua?

Asha_wa_Mbezi
Mtumishi, fungua uzi wako. Chata, mpigie dada yako leo. Usimtumie ujumbe, mpigie. Nyumba ni yake na pesa ni yake, acha aamue yeye kama anataka msanifu au anataka studio.

Chata_la_Chanika
Nimewasikia wote. Ila nimewaza kitu. Nikienda Bagamoyo kusomea uzalishaji wa sauti, nikauza spika nikapata malipo ya kwanza, risiti si itakuwa ya chuo vilevile? Yeye kaomba risiti ya chuo. Hakusema kozi gani.

Asha_wa_Mbezi
😳

Saa_Mbovu
Sasa hapa naanza kuamini. Chai haiwezi kuwa na sukari nyingi hivi.

Sauti_ya_Gizani
Hiyo kadi ya sauti ina njia mbili au nne? Ukiamua kuiuza pamoja na spika, nistue.