Kulisha vifaranga wa perege: mkanda wa saa, taima ya umeme au ufito?

Mfugaji wa Kisauni
Wanajukwaa, salaam. Nina matangi mawili ya saruji na vifaranga wa perege ambao hawajafikia hata gramu moja. Katika umri huu wanahitaji chakula cha unga chenye protini ya asilimia 40 au zaidi, kidogo kidogo, mara sita hadi nane kwa siku, nami hushinda kazini hadi jioni. Ipi inafaa kwa hali ya hewa yetu: mashine ya mkanda inayoendeshwa na saa ya ufunguo, ya umeme yenye taima, au ile ya ufito ambao samaki akiugusa chakula hudondoka?

Binti Jomvu
Kaka, ya ufito iondoe kabisa, kwa sababu kifaranga hana nguvu ya kuusukuma. Hiyo ni ya samaki waliokwisha kukua. Taima niliitumia msimu mzima, na kilichonisumbua hakikuwa umeme bali unyevu. Wakati wa masika unga ulishikana mdomoni mwa mashine, mota ikawa inazunguka bila kudondosha kitu, na nilipoligonga pipa kwa kiganja likaanguka bonge zima la ukubwa wa ngumi. Kesho yake alfajiri maji yalikuwa yametanda utando, na vifaranga wamepanda juu wakihema.

Fundi wa Likoni
Pole sana, dada, ila nadhani kosa lilikuwa katika kujaza. Pipa lijazwe kila asubuhi chakula cha siku hiyo tu, na mashine ikae kivulini. Mimi natumia betri ya volti 12 na paneli ya sola, kwa hiyo umeme ukikatika hainihusu. Mlo wa kwanza nimeuweka saa mbili asubuhi, kwa kuwa alfajiri ndipo oksijeni inapokuwa chini kabisa bwawani. Tena taima humwaga mlo kwa mkupuo, hata wanyonge wakapata. Mkanda hudondosha mahali pamoja, wenye nguvu wakapamiliki, na baada ya wiki chache tangi zima lina samaki wa saizi mbalimbali.

Mzee wa Mtongwe
Fundi amesema kweli kuhusu saizi, na kwa sisi wa kambare jambo hilo ni zito zaidi, kwani mkubwa humla mdogo. Hata hivyo nimebaki na mkanda: unga huutandaza asubuhi, saa huuvuta polepole kwa muda wa saa kumi na mbili, na jioni naona kwa macho yangu kilichobaki. Tangi moja naliwekea mikanda miwili, pande zinazokabiliana, na kila mmoja naufunika, maana upepo wa bahari hupeperusha unga. Anayefuga mwatiko tangu kuanguliwa asikimbilie mashine yoyote kati ya hizi; hao huanza na chakula hai, rotifera kwanza (vijidudu vidogo mno vya majini), kisha artemia (vijikamba vidogo vya maji ya chumvi).

Mfugaji wa Kisauni
Ahsanteni, mzee na ndugu zangu. Nitachukua mikanda miwili kwa kila tangi, na mlo wa jioni nitautoa kwa mkono ili niwaone wanavyoukimbilia, kwa kuwa kifaranga asiyekuja juu ndiye anayenipa wasiwasi. Kila Jumapili nitapima vifaranga hamsini, mmoja mmoja, na uzito wao nitauleta hapa.