Mdogo wangu kaua mwizi ndani ya nyumba, sheria inasemaje?

Kaka wa Makorora: Wakuu, habari za usiku. Niko Tanga. Usiku wa kuamkia Ijumaa mwizi alivunja dirisha la uani, akaingia na panga. Mdogo wangu alikuwa amelala sebuleni na wanawe wawili. Alishika mchi wa mama wa kutwangia kisamvu, akampiga, kijana yule akafariki. Mdogo wangu alijipeleka kituoni mwenyewe. Sasa yuko ndani, kesi ya mauaji. Mama hali chakula. Kwani hakuwa anajilinda?

Mvuvi wa Deep Sea: Pole mkuu. Hana kosa huyo. Mtu kaingia na panga, alitaka amkaribishe chai? Atatoka tu.

Wakili Mstaafu: Msimpe mama matumaini mapema. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyofuata, inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwenzio, hata mali yako. Hatari ikiwa ya kifo, haki hiyo yaweza kufika hadi kuua. Ila nguvu iwe ile inayohitajika tu. Ukizidisha mtu akafa, umeua bila kukusudia, na adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Ya kukusudia ni kunyongwa, ingawa hapa nchini hajanyongwa mtu tangu 1994. Sasa niambie: alimpiga wapi, na mara ngapi?

Kaka wa Makorora: Mbili. La kwanza mkononi, panga likaanguka. La pili kisogoni. Mwizi alikuwa keshapanda dirishani, mguu mmoja uko nje. Nilishindwa kuliandika hili mwanzo.

Wakili Mstaafu: Ahsante kwa kusema. Kesi nzima iko kwenye pigo la pili. Giza, hofu, watoto pembeni, yote jaji atayapima, kwa hiyo mdogo wako asifiche wala asibadilishe neno. Mauaji hayana dhamana, na kesi itasikilizwa Mahakama Kuu. Kama hamna uwezo, atapewa wakili na serikali.

Bi Mkubwa wa Ngamiani: Mwanangu, na wale waliofiwa mmewaendea? Mwizi alikuwa wao. Mtangulizeni sheikh wa mtaa, msiizungumze kesi, wala msipeleke pesa. Nendeni mkawape pole tu.

Kaka wa Makorora: Nimemsomea mama. Anauliza kijana kazikwa wapi.