Mama mkubwa kaachwa nje ya uwanja Dar, kiti kikaondoka. Mawakala wa tiketi, hii tabia ikome

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za leo. Naandika haya siku ya tatu tangu yatokee na hasira bado haijanitoka. Nimejaribu kulala nayo, imeshindikana.

Mama yangu mkubwa ana miaka 74. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo mkisoma "mama mkubwa" humu someni "mama". Magoti yamechoka: ndani ya nyumba anatembea, kwenda kwa jirani anatembea, lakini mwendo mrefu hawezi na ngazi ni mtihani. Alikuwa Muscat kwa binti yake, dada yangu, aliyejifungua. Alikwenda kumlea mzazi, siku arobaini zikawa miezi minne kama mnavyojua. Safari ya kurudi ilikuwa Muscat mpaka Dar, kisha Dar mpaka Mwanza siku hiyohiyo. Mimi nakaa Mwanza, na ndiye niliyetakiwa kumpokea.

Tiketi nilikata kwa wakala hapa mjini. Nilikwenda mwenyewe ofisini na nikasema kwa mdomo wangu: abiria ni mtu mzima, anahitaji kiti cha magurudumu kutoka mlango wa ndege Muscat mpaka atakapotoka nje Mwanza. Wakala akaandika, akasema, "Kaka usijali, kila kitu kimeshawekwa kwenye mfumo." Nikalipa, nikapewa karatasi mbili, nikaondoka nimetulia.

Zile karatasi mbili ndizo zilizotumaliza. Zilikuwa tiketi mbili za mashirika mawili yasiyojuana kabisa. Namba ya tiketi ya ndege ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Zangu zilianza na tarakimu tofauti. Sikujua kuangalia hivyo. Yeye alijua, ndiyo kazi yake.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa Dar.

Ndege ilitua saa saba na robo mchana Jengo la Tatu, lile lililozinduliwa Agosti 2019. Kiti kilikuwepo, kijana akamsukuma mpaka uhamiaji, wakagonga muhuri, wakaenda kwenye mkanda wa mizigo. Mabegi mawili yakapatikana, wakapita forodha. Mpaka hapo sina neno. Dar ndipo anapoingia nchini, kwa hiyo mizigo lazima aichukue hapo na kuipeleka tena kwenye kaunta ya safari ya ndani. Na safari yake ya ndani ilikuwa inaondokea Jengo la Pili, lile la mwaka 1984. Hayo ni majengo mawili tofauti. Kutoka moja kwenda jingine unatoka nje kabisa, unatafuta gari. Kijana mwenye begi la mgongoni anaweza kuona jambo dogo. Bibi wa miaka 74 mwenye mabegi mawili yenye kilo 40 na magoti mabovu, hilo ni pori.

Saa nane na robo kijana alimfikisha mlango wa kutokea. Mama mkubwa akamwonyesha karatasi aliyoandikiwa na binti yake kwa herufi kubwa za kalamu nene: NAOMBA MSAADA, NAKWENDA MWANZA, SAA KUMI NA NUSU. Kijana akaisoma. Namrudia mama mkubwa neno kwa neno: aliisoma yote, akaikunja vizuri, akamrudishia, akamwambia, "Mama kaa hapa nakuja." Akamsaidia kuhamia kwenye benchi, akachukua kiti, akarudi ndani. Hakuja tena.

Mama mkubwa akakaa kama alivyoambiwa. Watu wa rika lake wakiambiwa na mtu aliyevaa sare "subiri hapa", wanasubiri. Laini yake ya nyumbani ilikuwa haijatumika miezi minne, haikushika mtandao. Ile ya Oman haikuwa na salio la kumwezesha kupiga. Namba yangu ilikuwa kwenye karatasi, simu ya kupigia hana. Alikaa hapo saa moja na dakika thelathini na tano, begi moja kalizungushia mguu, jingine kalikumbatia, paspoti kaifunga kwenye ncha ya kanga.

Kilichoniumiza kuliko yote nimekijua usiku ule. Nilimuuliza alikula nini, akasema hakula. Maji je? Chupa aliyopewa kwenye ndege alikuwa nayo mkobani, hakuifungua. Aliogopa akinywa atataka kwenda chooni, na mabegi atamwachia nani? Joto la Dar, mchana, mtu wa presha, anajinyima maji yaliyo mkononi mwake. Halafu akaniambia, "Sikutaka kuwasumbua, baba."

Aliyemwokoa ni mama mmoja wa usafi. Alikuwa anapiga deki eneo lile, akaenda akarudi, akamwona bado yupo palepale. Akamwamkia, akamuuliza, "Mama unamsubiri nani? Tangu nianze kudeki uko hapa." Akachukua ile karatasi, akanipigia kwa simu yake na salio lake. Saa kumi kasoro dakika kumi. Mimi nipo Mwanza najiandaa kwenda uwanjani kupokea mgeni, nasikia sauti ya mtu nisiyemjua: "Kaka, huyu mama yako yuko nje hapa, ndege yake saa ngapi?" Miguu iliniisha nguvu. Mama huyo aliacha kazi yake, akatafuta teksi, akapakia mabegi kwa mikono yake. Nilipotaka kumtumia hela akakataa mara mbili, nikamtumia kwa nguvu. Mungu ampe maisha marefu.

Dereva wa teksi alichukua elfu thelathini kwa safari ya dakika chache. Napita tu hapo.

Kaunta ya Mwanza ilikuwa imefungwa tangu saa kumi kasoro robo. Kwenye mfumo wao aliandikwa ni abiria ambaye hakutokea. Tiketi imekufa, hakuna kurudishiwa hata senti. Na hapa ndipo nikaelewa mchezo mzima. Shirika lililomtoa Muscat kazi yake kisheria iliishia Dar, kwa sababu tiketi yake inasema mwisho ni Dar. Shirika la ndani halikuwa na habari kwamba kuna bibi yuko jengo la jirani anahitaji kiti, kwa sababu kwenye tiketi ya pili wakala HAKUWEKA ombi la kiti kabisa. Nimethibitishiwa kaunta. Yaani hata angewahi, ile ngazi ya ndege angepanda kwa magoti yapi? Na huku Mwanza unashuka kwa ngazi vilevile na kutembea kwenye lami.

Kama haitoshi, tiketi ya Muscat iliruhusu mabegi mawili, ya ndani kilo 23. Kwa hiyo kilo 17 zilikuwa za kulipiwa hata kama kila kitu kingekwenda sawa. Hilo nalo hakuniambia. Ningejua ningemwambia dada apunguze zile halwa.

Alilala Kipawa kwa ndugu wa mbali tuliyemwamsha kwa simu za ghafla. Kesho yake nikanunua tiketi nyingine kwa 285,000, safari hii nilipiga simu mwenyewe kwa shirika kuomba kiti na nikang'ang'ana mpaka wakanisomea ombi walivyoliandika. Alifika Mwanza vidole vya miguu vimevimba.

Nikaenda ofisini kwa wakala. Jibu lake: "Mimi kazi yangu kuuza tiketi. Ya uwanjani ni ya uwanjani." Bila aibu. Nilimuuliza swali moja tu: kwa nini hukuniambia ni tiketi mbili? Akasema ilikuwa bei nafuu. Nafuu kwa nani? Sikumwomba nafuu. Nilimwomba mama yangu afike.

Kampuni ya viti nayo nilipigia. Msimamizi wao kanijibu kwa upole kwamba huduma inaagizwa na shirika la ndege kwa safari husika na inaishia mlango wa kutokea, Jengo la Pili ni agizo jingine. Sawa, nimeelewa utaratibu. Lakini yule kijana alisoma karatasi. Angesema "mama mimi naishia hapa, ngoja nikuitie mtu", tusingefika huku. Kumwambia mzee "nakuja" huku unajua huji, hilo hainiingii akilini mpaka leo.

Wenye wazazi wanaosafiri hivi, nimejifunza kwa maumivu kwamba kuna aina za ombi la kiti. WCHR ni la mtu anayeweza ngazi ila si mwendo mrefu, WCHS ni la asiyeweza ngazi, WCHC ni la asiyeweza kujisogeza kabisa. Sisi tuliwekewa WCHR, tena kwenye tiketi moja tu. Mlazimisheni wakala awaonyeshe hiyo herufi kwa kila safari, ya nje na ya ndani. Na kama ni tiketi mbili, wekeni mtu wa kusimama mlangoni Jengo la Tatu hata kama ni kijana wa kumlipa, au mzee alale Dar, asafiri kesho yake. Mimi sikuweka mtu kwa sababu niliahidiwa kiti mpaka Mwanza.

Malalamiko nimeyaandika kwa baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, na nakala za tiketi zote mbili nimeambatisha. Wakala, najua humu unapita. Nadai 285,000 ya tiketi mpya na elfu thelathini ya teksi. Risiti nimekutumia WhatsApp, umezisoma, tiki mbili za bluu naziona.

Na wenzangu nina haraka na jambo moja. Mama mdogo naye anakwenda Muscat mwezi ujao na atarudi kwa njia hiyohiyo. Kuna yeyote aliyewahi kupata mtu wa kumvusha mzee kutoka Jengo la Tatu mpaka kaunta ya Jengo la Pili bila kumwachia njiani? Uliomba kwa nani, ulilipa kiasi gani, na walimkabidhi wapi? Nijibuni hapahapa ili na wengine waone.