Naomba ushauri: mchango wa matibabu ya mama

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mama yetu, mkaazi wa Likoni, Mombasa, ana maradhi ya figo na husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Bima ya afya ya serikali ya Kenya, SHA, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, hulipia usafishaji, lakini baadhi ya dawa na teksi ya kuvuka feri (akitoka kwenye mashine miguu humtetemeka, hawezi kusimama kwenye msongamano) ni juu yetu watoto. Dada yetu, aliyeacha biashara yake ya mahamri ili amuuguze, bado hudaiwa mchango sawa na kaka mwenye mshahara. Kwangu mimi, uuguzi wake ni mchango tosha. Je, tugawane kwa kadiri ya kipato, na nani ashike hesabu, bila mama kusikia tukizozana?