Mwizi ni mweka hazina wetu, si Yesu. Niacheni na imani yangu!

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aje hapa kuniambia nitulie kwanza. Nimetulia tangu Desemba.

Mimi nakaanga mahamri Kisauni, hapa Mombasa. Kanisani kwetu tulikuwa na chama cha akina mama, watu 20, kila Jumapili baada ya ibada shilingi 200. Tulichanga Jumapili 40. Kila mmoja ana 8,000 zake, jumla 160,000, zigawanywe Desemba ili karo ya Januari isitukute tunahangaika. Kwangu hizo ni mahamri 800 ya shilingi kumi, na hapo sijatoa unga, mafuta wala makaa.

Daftari nimeliona kwa macho yangu. Jina langu ni la 11, na tiki 40 mbele yake. Kuanzia tiki ya 26 wino ni mwekundu, kwa sababu kalamu ya mweka hazina iliisha siku hiyo nikampa yangu. Kalamu yangu mimi ndiyo iliyoandika pesa alizokula!

Siku ya kugawana hakutokea. Alipokuja Jumapili iliyofuata akasema pesa "zimeingia katika kazi ya Mungu". Kazi gani? Kiti kipya hakuna, bati jipya hakuna, spika ni zilezile zinazokwaruza.

Tukaenda kwa mchungaji, akina mama saba. Akatufungulia Wakorintho wa Kwanza, sura ya 6, akatusomea kwamba ni aibu waumini kupelekana mahakamani, afadhali mtu akubali kudhulumiwa. Akaishia aya ya 7 akafunga Biblia, akasema tuombe. Nilipofika nyumbani nikaifungua mwenyewe. Aya ya 8, ile inayofuata tu, Paulo anawageukia wale wanaodhulumu ndugu zao. Aya ya 10 anasema wezi hawataurithi ufalme wa Mungu. Ukurasa ni uleule! Mbona hakumsomea mweka hazina aya yake? Nililia usiku ule kuliko siku niliyojua pesa zimeliwa.

Basi nikaacha kwenda pale. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, maana pesa naweza kuzitafuta tena. Wenzangu wa kanisani wananipita njiani na kusema nimerudi nyuma, shetani amenishika. Na kaka yangu naye, kila tukikutana, "Si nilikwambia dini ni biashara?" Kisha ananitajia Shakahola.

Kaka, mimi pia niliilia Shakahola. Mwaka 2023, msituni kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto walikuwamo. Walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu waliambiwa na mwanadamu. Huyo ndiye wa kuulizwa. Yesu ninayemjua mimi aliwahurumia watu wenye njaa akawalisha.

Imani yangu sikupewa na mweka hazina, na hawezi kuniibia pamoja na zile 8,000. Nyanya yangu alikuwa mtu wa Rabai, kule mmisionari Krapf alikoanzisha misheni mwaka 1846. Hakujua kusoma. Alikuwa akiomba kwa sauti ya chini akipepeta mchele, anatutaja wajukuu mmoja mmoja kwa majina, na akisahau mmoja anaanza upya. Mtoto wangu alipolazwa, madaktari wananiambia nisubiri, niliomba vilevile, nikimtaja jina. Nilijibiwa. Nani wa kuja kuniambia hayo yalikuwa biashara?

Na nyinyi mnaosema tukilalamika tunalichafua jina la kanisa, nawauliza jambo moja. Nikienda kununua unga napita Kengeleni. Pale pana kengele ya Frere Town, mji waliowekwa watumwa waliokombolewa, ulioanzishwa mwaka 1875. Tunavyosimuliwa, kengele ile ilipigwa kuwaonya watu kwamba wakamataji wa watumwa wanakuja. Wale wazee wangeambiwa wasiipige, wasije wakalitia kanisa aibu? Anayelichafua jina ni aliyekula pesa za wajane. Wawili katika wale 20 ni wajane, mmoja mwanawe yuko nyumbani mpaka leo hajarudi shule.

Jirani yangu ni Muislamu, ana duka. Aliposikia hakusema neno juu ya Wakristo. Alisema, "Pole mwanangu," akanipimia kilo nne za unga, akaandika deni. Ndugu zangu katika Kristo hakuna hata mmoja aliyenibishia hodi.

Siku hizi Jumapili nasali kwingine, nakaa kiti cha nyuma, natoa sadaka yangu na kuondoka. Chama sijaingia. Labda iko siku.

Sasa naomba msaada wenu. Nimesikia Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Daftari tumelipiga picha kurasa zote. Tuko saba tulio tayari. Aliyewahi kupeleka kesi ya chama pale aniambie: tufungue moja kwa pamoja, au kila mtu na yake? Na daftari pekee linatosha, au tutafute na mashahidi?