Miezi minne tangu mzee aondoke, mbona haiishi?

Mtoto wa Igoma: Wakuu poleni na majukumu. Mzee wangu alifariki mwezi wa 2, tukamzika Sengerema, tukaanua matanga, ndugu wakatawanyika, mi nikarudi kazini nikajua yameisha. Juzi napita mwaloni Kirumba hapa Mwanza kununua dagaa nikasikia baba mmoja anabishana bei huku anakohoa vilevile kama mzee, aisee nililia pale katikati ya matenga mpaka mama muuzaji akanisogezea ndoo nikae. Namba yake bado nimeisevu "Baba Mzazi". Hivi ni kawaida au nachanganyikiwa?

ziwani_tu: Pole sana ndugu. Kawaida kabisa, mi mama ana miaka 3 sasa tangu afariki na nikisikia harufu ya sato wa kubanika koo linakaba. Namba usifute, nani kakulazimisha?

Dada wa Pasiansi: Pole kaka. Hao wa "jikaze we mwanaume" waache na yao. Ila unalala? Kama usingizi umekata wiki na wiki na kazi haiendi, nenda hospitali ya Bugando ulizia watu wa afya ya akili. Mi nilienda, nikaongea tu, hata kidonge sikupewa.

Mtoto wa Igoma: Asante dada. Kula nakula, usingizi ndo shida, saa nane usiku niko macho. Jumamosi naenda kaburini. Mzee maisha yake yote alipanga foleni ya kivuko pale Kigongo, siku tunampeleka Sengerema kumzika tukapita juu ya daraja lililochukua nafasi ya kivuko, dakika chache tu, ye yuko kwenye jeneza.